Mabadiliko ya tishu katika limfoma ya Burkitt ya taya

Limfoma ya Burkitt ya taya ni saratani ya seli nyeupe za damu za aina ya seli B, ambayo huota ndani ya mifupa ya taya. Hushambulia zaidi watoto wa umri wa miaka 4 hadi 9 katika nchi za joto za Afrika, na wavulana hupatwa takriban mara mbili ya wasichana. Imepewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, Uganda.

Ugonjwa huu una sifa mbili zinazoonekana kupingana. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu, lakini pia ni miongoni mwa zile zinazoitikia dawa vizuri kuliko nyingi. Kwa hiyo muda una thamani kubwa: mtoto aliyetambuliwa mapema anaweza kupona kabisa, na aliyecheleweshwa kwa wiki chache anaweza kufa. Kwa macho uvimbe huu hufanana na jipu la jino. Kinachoutambulisha kwa uhakika ni tishu yake chini ya hadubini.

Taya la mtoto na mahali uvimbe unapoanzia

Taya la mtoto si mfupa mtupu. Chini ya meno ya utoto kuna vichipukizi vya meno ya ukubwani, kila kimoja kikiwa ndani ya kifuko chake cha tishu laini, kimezungukwa na mfupa mwembamba wenye mishipa mingi ya damu. Katika miaka ambayo magego na meno ya jirani yake yanajijenga, sehemu hiyo huwa na shughuli nyingi za ukuaji. Ndipo limfoma ya Burkitt hupenda kuanzia, na ndiyo sababu uvimbe wa taya huonekana zaidi kwa watoto wadogo na huwa nadra kwa vijana waliokwisha kuota meno yote.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni jino linalolegea kabla ya wakati wake. Katika picha ya eksirei, mstari mweupe mwembamba wa mfupa unaozunguka mzizi wa jino hupotea. Baadaye mfupa unaoshikilia jino huliwa, na meno yanabaki yakishikiliwa na tishu ya uvimbe pekee, kana kwamba yanaelea. Fizi huvimba, shavu hujaa, na uvimbe wa taya la juu ukipanda husukuma jicho nje. Pande zote mbili, na hata robo zote nne za taya, zinaweza kuvimba kwa pamoja. Tumbo pia linaweza kuvimba, kwa kuwa ugonjwa huo huo huota katika figo, ini, ovari na tezi za tumboni.

Mara nyingi mtoto hana maumivu makali wala homa kubwa mwanzoni. Hali hiyo huwapoteza wazazi, na wakati mwingine wahudumu wa afya pia. Jino lililolegea hung'olewa, antibayotiki hutolewa, na uvimbe unaendelea kukua.

Kinachoonekana chini ya hadubini

Ili tishu ionekane, kipande kidogo cha uvimbe hukatwa, huwekwa ndani ya fomalini ili kisioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Katika limfoma ya Burkitt mambo yafuatayo huonekana.

Kwanza, seli zimejazana bila nafasi. Mpangilio wa kawaida wa taya, yaani vijiti vya mfupa vyenye uboho na mishipa katikati, hutoweka. Mahali pake panakuwa na tandiko la seli zilizobanana, zinazopenya kati ya vipande vya mfupa na kuzunguka vichipukizi vya meno.

Pili, seli zote zinafanana. Katika jipu mtaalamu huona mchanganyiko wa seli za aina mbalimbali za ulinzi wa mwili. Hapa anaona seli za aina moja tu, za ukubwa wa kati, kama zimetoka kwenye kalibu moja. Kila seli ina kiini cha mviringo chenye vinukta kadhaa vidogo, na utando mwembamba wa sitoplazimu unaokolea rangi ya buluu.

Tatu, seli nyingi zinagawanyika. Popote hadubini inapoelekezwa kuna seli zilizokamatwa katikati ya kugawanyika, kromosomu zake zikiwa zimepangwa tayari kwenda pande mbili. Kipimo cha protini iitwayo Ki-67, ambayo huonyesha seli zilizo katika harakati za kugawanyika, hutoa matokeo yanayokaribia asilimia 100. Kwa kasi hiyo uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Nne, kuna picha iitwayo "anga la nyota". Seli zinazokua kwa kasi hivyo hufa pia kwa wingi. Mabaki yake huliwa na seli kubwa za usafi za mwili, yaani makrofaji. Kwa kuwa makrofaji ni kubwa na hazikolei rangi, huonekana kama madoa meupe yaliyotawanyika juu ya tandiko jeusi la seli za saratani, mfano wa nyota katika anga la usiku. Picha hiyo ni alama maarufu ya ugonjwa huu, ingawa peke yake haitoshi, kwa kuwa saratani nyingine zinazokua haraka huweza kuionyesha.

Tano, kuna vitundu vya mafuta. Seli zikichukuliwa kwa sindano nyembamba, zikapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, sitoplazimu yake huonekana ikiwa na vitundu vidogo vilivyo wazi. Vitundu hivyo ni matone ya mafuta ambayo yameyeyushwa wakati wa kuandaa kioo. Rangi ya Giemsa ni ile ile inayotumika kupima malaria, kwa hiyo hatua hii ya awali haihitaji kemikali za kigeni. Inahitaji jicho lililofunzwa.

Maabara kubwa huongeza vipimo vya protini. Seli za limfoma ya Burkitt kwa kawaida huonyesha CD20, CD10 na BCL6, na hazionyeshi TdT, ambayo ni alama ya seli changa za lukemia. Katika aina ya Kiafrika karibu seli zote huwa na kirusi cha Epstein-Barr ndani yake.

Tofauti na magonjwa mengine ya taya

Hadubini hutenganisha magonjwa ambayo macho huyachanganya.

Jipu la jino lina usaha, seli za ulinzi zinazopambana na bakteria, na tishu ya kovu pembeni. Ameloblastoma, uvimbe unaotokana na tishu zinazotengeneza jino, hukua polepole kwa miaka, hupatikana zaidi kwa vijana na watu wazima, na seli zake zimejipanga kwa safu kama ua kuzunguka visiwa vidogo vya tishu.

Mabadiliko ya kisahani cha kiungo cha taya ni mfano wa kinyume kabisa. Kisahani hicho hukaa karibu na sikio, kati ya fuvu na taya la chini, na kimejengwa kwa nyuzi imara za kolajeni zenye seli chache. Kikiugua, nyuzi hupoteza mpangilio wake na kuchanika, baadhi ya seli hugeuka zikafanana na seli za gegedu, na mishipa midogo ya damu huingia katika sehemu ambazo kwa kawaida hazina mishipa. Wakati mwingine kisahani hutoboka. Ni uchakavu unaochukua miezi na miaka, nao humletea mgonjwa maumivu na mlio wa taya anapotafuna. Katika limfoma ya Burkitt, mabadiliko ya tishu huhesabiwa kwa siku.

Jinsi ugonjwa ulivyotambuliwa

Uvimbe wa taya kwa watoto ulijulikana Afrika Mashariki kabla ya Burkitt. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wa namna hiyo. Hata hivyo haukuhesabiwa kuwa ugonjwa mmoja. Mtaalamu wa tishu aliyepokea kipande kutoka tayani alikipa jina moja, na aliyepokea kutoka jichoni, kwenye figo au kwenye ovari alikipa jina jingine.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwomba Burkitt amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba pande zote za taya la juu na la chini. Muda mfupi baadaye, Burkitt alipotembelea hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule pamoja na uvimbe wa tumbo. Alirudi kwenye kumbukumbu za Mulago, akakuta kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa viungo vingine huandamana. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38.

Burkitt alidhani ugonjwa huo ni sakoma, yaani saratani ya tishu za kuunganisha. Mtaalamu wa patholojia Gregory O'Conor, Mmarekani aliyefanya kazi Makerere pamoja na Jack Davies, alipitia vipande vilivyohifadhiwa katika rejista ya saratani ya Kampala. Aligundua kwamba ni limfoma, na kwamba limfoma zilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto katika rejista hiyo. Mwenzao Dennis Wright alieleza kwa undani sura ya seli hizo, na maelezo yake yangali msingi wa utambuzi.

Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alihisi kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unaletwa na kirusi, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, kama yameingiwa na bakteria. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zilizoachana na kipande. Seli hizo zilikuzwa katika maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Safari ndefu na ramani ya ugonjwa

Mwezi Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea hospitali zaidi ya 50 na kuwaonyesha wahudumu picha za watoto wenye uvimbe wa taya.

Walipoweka majibu kwenye ramani, walikuta kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Haukuonekana mahali ambapo joto la miezi ya baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, wala palipo na mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka. Karibu na Ikweta mpaka wake wa juu ulikuwa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka, kwa kuwa baridi huanza katika miinuko midogo zaidi. Katika maeneo ya kusini ugonjwa ulibaki kwenye mabonde ya mito, mwambao wa bahari na fukwe za maziwa, yakiwemo maeneo ya Ziwa Nyasa.

Wilaya ya Kyela katika mkoa wa Mbeya, ambamo kata ya Busale imo, inaonyesha vizuri maana ya ramani hiyo. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda unaoanzia ufukweni ni wa joto mwaka mzima. Mvua ni nyingi kiasi cha kustawisha mpunga, kakao na migomba, na malaria huambukizwa kwa urahisi. Ukipanda barabara ya Tukuyu, katika saa chache unafika miinuko ya Rungwe, penye chai, baridi na mbu wachache. Kwa vigezo vya Burkitt, uwanda wa Kyela umo ndani ya eneo la ugonjwa, na miinuko iliyo juu yake iko nje au ukingoni. Mhudumu wa zahanati ya uwandani anayemwona mtoto mwenye taya lililovimba ana sababu ya kuukumbuka ugonjwa huu mapema zaidi kuliko mwenzake wa milimani.

Malaria, kirusi na jeni

Mpaka wa joto unakaribia sana ule wa malaria, kwa kuwa kimelea cha Plasmodium falciparum hakikomai ndani ya mbu kukiwa na baridi. Pia ilionekana mapema kwamba ugonjwa ulikuwa nadra Unguja na Pemba, ambako hali ya hewa inafaa lakini malaria ilikuwa imedhibitiwa.

Maelezo yanayokubalika leo yana hatua tatu. Kirusi cha Epstein-Barr huingia katika seli B na kukaa humo maisha yote. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na wengi wao hakiwadhuru. Watoto wengi wa Afrika hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B zigawanyike sana, na papo hapo hudhoofisha seli za kinga zinazozuia kirusi. Katika mgawanyiko huo mwingi kosa huweza kutokea: kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kuungana na kromosomu namba 14, na katika wagonjwa wachache na namba 2 au 22. Kipande hicho hubeba jeni MYC, inayoamuru seli igawanyike. Katika makao mapya jeni hiyo hubaki imewashwa daima. Seli zinazogawanyika kila mahali chini ya hadubini ni matokeo ya amri hiyo isiyozimika.

Tanzania ilikuwa na sehemu katika kupima maelezo haya. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini, karibu na Ziwa Viktoria, walipewa vidonge vya klorokwini ili kupunguza malaria, huku wagonjwa wa limfoma ya Burkitt wakihesabiwa. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya vidonge kugawiwa, na baada ya muda malaria iliongezeka tena. Kwa hiyo jaribio hilo halikutoa jibu la mwisho. Uhusiano wa malaria na ugonjwa unategemea ushahidi mwingine mwingi uliokusanywa kwa miaka.

Ni muhimu kueleza pia kwamba ugonjwa huu hauambukizwi na mgonjwa. Anayemlea, kumlisha au kulala naye chumba kimoja hapati saratani kwa sababu hiyo.

Kutoka kijijini hadi kwenye hadubini

Matibabu ni dawa za saratani, hasa saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Upasuaji wa kuondoa taya hauhitajiki, wala hautibu. Katika miaka ya 1960 Burkitt alishuhudia baadhi ya watoto wakipona baada ya dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala, ambacho kilikua na kuwa sehemu ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 85 ya watoto hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika ni karibu nusu, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika, kukatisha matibabu na uhaba wa huduma za kusaidia mwili wakati wa dawa. Huduma hizo ni za lazima, kwa kuwa seli nyingi zikifa kwa pamoja taka zake huweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hupewa maji mengi na alopurinoli kabla ya dozi ya kwanza.

Kwa mtoto wa Kyela, njia huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya na kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Matibabu ya saratani za watoto hupatikana pia Muhimbili jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka ufukwe wa Nyasa, na Bugando jijini Mwanza. Kwa uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili, kila kituo ambacho mtoto anasubiri kina uzito wake.

Mambo machache huokoa muda. Uvimbe wa taya la mtoto usiopungua baada ya siku chache za antibayotiki, au meno kadhaa yanayolegea bila kutoboka, ni sababu ya kumpeleka mbele bila kungoja. Tumbo lipapaswe na macho yaangaliwe, siyo mdomo peke yake. Kipande cha tishu kiwekwe mara moja katika fomalini ambayo ujazo wake ni angalau mara kumi ya kipande chenyewe, maana kilichoachwa katika maji au chupa kavu huoza, na hadubini haiwezi kusoma tishu iliyooza. Karatasi inayoambatana nacho itaje umri wa mtoto, mahali anapoishi na muda ambao uvimbe umekuwapo. Kwa mtaalamu anayeangalia kioo, kusoma "miaka 6, Kyela, wiki tatu" ni sehemu ya uchunguzi.